Klipu ya Udongo

Sauti iliyotoka ndani ya simu ya yule mwanamke ilikuwa sauti ya Wakili Wanja mwenyewe.

Uliyekuwa nasi wiki jana unajua tulivyofika hapa. Unayeingia leo, vuta kiti, hujachelewa. Mzee Githae wa Gatuanyaga amelala ndani ya jeneza, jeneza liko juu ya mikanda ya kulishusha, kaburi liko wazi, na Pasta amekwisha kutaja mavumbi. Gathoni, mjane wake, alikuwa ameinama kuchota udongo wa kwanza. Ndipo mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, amevaa sweta nyeusi kwenye jua lile, ameshika mkono wa msichana mdogo, akapenya katikati ya viti vya plastiki akasema, "Ngojeni kidogo. Mimi pia ni mke wa huyu mzee."

Kisha akainua simu juu, na simu ikaanza kuongea.

"Mama wa Ruiru, usikae chumbani ukilia. Enda mazishini. Vaa nguo yako nzuri, simama mahali unaonekana. Wakitupa udongo, na wewe tupa wako, na mtu akuchukue video. Kwa sababu siku ya korti jaji atauliza, huyu mama alikuwa wapi bwana yake akizikwa? Usiache jibu liwe, alikuwa kwake akiosha sufuria."

Kila mara watu walipoitazama klipu hiyo, walicheka hapo kwa sufuria. Leo hakucheka mtu.

Wanja alikuwa upande wa pili wa kaburi, visigino vya viatu vyake vimezama kwenye udongo mweusi. Alijua kila neno kabla halijatoka. Alijua hata pale alipovua miwani na kunyamaza kidogo kabla ya kusema sufuria, maana Becky, anayemchukua video, ndiye aliyemfundisha kwamba ukinyamaza hapo, watu wanatumiana klipu.

"Huyo ni nani?" Gathoni aliuliza. Hakumuuliza mgeni. Alimuuliza binti yake.

"Simjui, Maitu."

"Humjui, na anaongea na mdomo wako?"

Wanja akatazama viatu vyake. Yeye, ambaye watu walitoka Juja na Gatundu kuja kusikia anachosema.

Ujue kwanza klipu hiyo ilimfanyia nini, ndipo uone kisu kilivyoingia.

Kabla yake, Wanja alikuwa wakili wa chumba kimoja, juu ya duka la mabati na misumari mjini Thika. Alikuwa na cheti ukutani, meza ya kuazima, kiti cha mteja kilichofunikwa kitambaa cha maua, na mteja hakuna. Alishinda akisikiliza watu huko chini wakibishana juu ya bei ya misumari. Becky, msichana wa Kiganjo aliyekuwa akichukua video za harusi, alipanda ngazi siku moja kuulizia choo. Akamwona amekaa vile.

"Wakili, wateja wako wako wapi?"

"Watakuja."

"Hawaji. Mtu haendi kwa wakili hamjui. Waonyeshe uso. Wafundishe kitu bure, kidogo kidogo. Siku wakipata shida, ni wewe watakumbuka."

Wakaanza. Taa ya duara, kitambaa cha kijani ukutani, swali moja kwa kila video. Mke asiye na cheti. Ndugu anayesongeza mpaka wa shamba usiku. Shamba la marehemu ambalo kila mtu analilima na hakuna mwenye karatasi. Wanja aliongea Kiswahili cha sokoni, akitia Kikuyu pale panapouma. Mawakili wazee wa Thika walinung'unika kwamba anauza sheria kama nyanya. Lakini nyanya zilinunuliwa.

Halafu Alhamisi moja, wakiwa laivu, Becky akasoma swali kutoka kwa mtu asiyetaja jina. "Wakili, mimi ni mama wa Ruiru. Bwana yangu anaugua, na nyumba yake kubwa haijui kama niko. Akienda, mimi na mtoto tutakuwa nani?"

Wanja alijibu kwa moyo wake wote. Jibu hilo ndilo likaja kuitwa klipu ya udongo. Lilitembea hadi Saudia kwa wasichana wa kazi. Wanawake wa Ruiru wakamjia wengi hivi kwamba akafungua ofisi ya pili hukohuko Ruiru. Siku ya kuiombea, Mzee Githae alikwenda na fimbo yake na kofia yake ya kanisa. Dereva alipopotea nyuma ya soko, ni mzee aliyemwelekeza, ingia hapa, sasa shoto, pita huyo mwenye makaa. Wanja alicheka akasema baba yake anaijua dunia.

Sasa turudi kaburini.

Mwas, kaka yake, alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. "Wanja, wewe ndio wakili hapa. Sema neno moja huyu mama aende, tumzike mzee."

"Sema," mama yake akasema. Udongo ulikuwa bado mkononi mwake.

Wanja alielewa anachoombwa. Shamba lote lile liliandikwa jina la Githae: boma la ng'ombe, migomba kando ya tangi, nyumba ya mawe ambayo ilipojengwa Gathoni alibeba maji yake yote mgongoni, mtungi kwa mtungi, kutoka mtoni. Maziwa ya ng'ombe wa Gathoni ndiyo yaliyomsomesha Wanja hiyo sheria. Na mzee alipolazwa, Wanja alimshika mama yake mkono akamwahidi, "Maitu, hakuna mtu atakusongeza hapa hata hatua."

Akimwachia huyu mgeni atupe udongo, ahadi hiyo imekatika katikati. Akimkataza, klipu ambayo ofisi zake mbili zimesimama juu yake imekuwa uongo mtupu.

Na hapakuwa na pembe ya kujificha. Mazishi yalikuwa yakionyeshwa laivu kwenye ukurasa wa ofisi. Gathoni alikuwa amekataa tangu mwanzo. "Kilio si harusi," alisema. Wanja akambembeleza, "Hawa watu wamekuwa kama familia yangu, Maitu. Wacha wanione nikiwa mtoto wa mtu tu." Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo aliibana mwenyewe moyoni, ni kwamba video ya wakili akimlilia baba yake ingetembea.

Alimwendea Becky nyuma ya stendi ya miguu mitatu iliyobeba kamera.

"Zima."

"Nikizima sasa, watasema umezima."

"Wako wengi?"

"Usiulize." Becky akamgeuzia kioo cha simu. Maandishi yalikuwa yakipanda kama mchwa. Wakili mbona umenyamaza. Mwachie mama wa watu atupe udongo. Si ni wewe ulitufundisha. Mkuki kwa nguruwe, Wakili, endelea basi.

Aliporudi kaburini alikuwa ameamua. Hapa, msomaji, usimlaani haraka. Au mlaani, ni juu yako. Aliamua kusimama na mama yake. Lakini hakutaka kuonekana akila maneno yake mbele ya watu. Akatafuta ile njia wanayofundishwa mawakili shuleni: usimkatae mtu, muulize maswali mpaka ajikatae mwenyewe.

"Pole kwa msiba, mama," alisema. "Jina lako?"

"Nakhumicha."

Mnong'ono ukapita chini ya hema. "Wa Bungoma huyo," mmoja alisema. "Githae alichota maji mbali," mwingine akajibu.

"Unafanya kazi gani, Mama Nakhumicha?"

"Nashona yunifomu za shule. Hapo Ruiru, nyuma ya soko."

"Uko na cheti cha ndoa?"

"Sina."

"Kuna wazee wa huku walikuja kwenu kupeleka mahari?"

"Alikuja mwenyewe na rafiki yake."

"Huyo rafiki tunaweza kumuuliza?"

"Alitangulia. Mwaka juzi."

"Kwa hivyo shahidi wako ni marehemu, na bwana wako ni marehemu."

Mwas akatoa kicheko cha puani. Viti vikalia, watu wakivuta shingo. Wanja akausikia ule utamu anaousikia mbele ya taa ya duara, maneno yakijipanga yenyewe kama ng'ombe wanaojua njia ya boma. Kando ya jicho alimwona mama yake akinyoosha mgongo.

"Na hapa," aliuliza, "katika hawa watu wote, ni nani anakujua? Onyesha mtu mmoja."

Nakhumicha alitazama nyuso, mstari baada ya mstari. Hakuharakisha. Alitazama hata wale akina mama wenye aproni waliokuwa wamesimama na visu vya viazi mkononi.

"Hakuna," akasema.

Wanja angeachia hapo. Angeachia hapo tu, hadithi yetu ingefuata barabara nyingine kabisa. Lakini kamera ilikuwa inamwangalia, naye alitaka kumaliza kwa upole ili watu waone hana roho mbaya. Akachutama mbele ya yule msichana. Mtoto alikuwa amesukwa nywele vizuri, mistari imenyooka, na sketi yake ya shule imetiwa pindo mara mbili ili imtoshe hata mwakani.

Kitu ambacho wakili huonywa mapema ni kwamba usiulize swali usilojua jibu lake.

"Na wewe mrembo," alisema, "unaitwa nani?"

Msichana alimtazama mama yake, kisha akajibu kwa ile sauti ya gwaride la shule.

"Naitwa Wanja Githae."

Kama wewe si wa huku, huenda jibu hilo limekupita. Kwa Wagikuyu, msichana wa kwanza hapewi jina kwa sababu jina linapendeza. Anapewa jina la mama ya baba yake, na kuanzia siku hiyo ndiye huyo nyanya, amerudi nyumbani. Mama yake Githae aliitwa Wanja. Amelazwa hapohapo shambani, kwenye pembe, kando ya ua wa mikonge. Wakili wetu alipewa jina hilo kwa sababu ndiye msichana wa kwanza wa nyumba ya Gathoni. Na mwanamume hatoi jina la mama yake kwa mtoto wa njiani. Akilitoa mara ya pili, amesema mbele ya walio hai na waliokwenda kwamba ana nyumba ya pili. Si rafiki. Nyumba.

Wanja alibaki amechutama.

Chini ya hema wanawake wazee hawakuhitaji kuelezwa. Kalondu, jirani yao Mkamba ambaye amekaa na Wagikuyu mpaka anajua mila zao kuliko watoto wao, alifunga mwavuli wake polepole.

"Hapo," alisema, "hakuna haja ya korti."

"Ni mimi nilikuwa namwosha miguu," Gathoni akasema, na haikujulikana anamwambia nani. "Mama mkwe wangu, Wanja. Alipolala kitandani akakataa watoto wake wote, ni mimi nilimlisha uji na kijiko mpaka akaenda. Sasa jina lake limepelekwa Ruiru."

"Hii ni upuzi," Mwas alisema. "Manze, jina mtu yeyote anaweza kumpatia mtoto. Hata mimi naweza kuita mbuzi yangu Wanja." Akamshika Nakhumicha bega. "Twende, mama. Geti iko huku."

"Usinivute." Nakhumicha hakupaza sauti. "Wakili alisema wakikuvuta, usipigane nao. Keti chini."

Akaketi. Aliketi palepale juu ya lundo la udongo, akakunja sketi yake vizuri chini ya magoti na kumweka mtoto kando yake. Sasa hapakuwa na mtu ambaye angechota udongo wa kumzika Githae bila kumwinamia yeye.

"Alisema hayo wapi?" Pasta aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Hiyo ni klipu ingine," Becky akajibu kutoka nyuma ya kamera, kabla hajajizuia.

Mahali pengine watu wangecheka. Mwas aliachia mkono wake ukaanguka, maana ukimvuta mwanamke aliyeketi kwenye udongo wa kaburi, hata shetani anakutazama.

Wanja alijikokota hadi pale lundoni. Akainama, akaongea chini ya pumzi, kama mtu anayekopa.

"Nani amekutuma kuniharibia?"

"Baba yako."

"Baba amekufa."

"Alinituma kabla." Nakhumicha alimtazama bila chuki, na hilo ndilo lililomuuma Wanja zaidi. "Unafikiri ni mimi niliuliza lile swali? Mimi nilikuwa naogopa hata kukuangalia kwa simu, vile mnafanana. Ni yeye alikaa kwa kitanda akaniambia maneno, mimi nikaandika."

"Unadanganya."

"Alisema utaniambia hivyo."

Akapekua simu kwa kidole gumba, kidole kigumu chenye alama za sindano. Akaigeuza.

Mzee Githae alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho Wanja hajawahi kukiona, kiti chenye kitambaa cha kufuma mgongoni. Alikuwa amevaa sweta yake ya kahawia. Gathoni ndiye aliyeifuma sweta hiyo, na mzee aliporudi kutoka kliniki ya sukari bila sweta, alisema imeibiwa hospitalini. Gathoni alimfumia nyingine.

"Wanja, mtoto wangu," mzee alisema ndani ya simu. Alikuwa akitazama pembeni, hajui kamera iko wapi. "Atiriri, nisikilize. Ile siku umejibu mama wa Ruiru, ni mimi nilikuwa nauliza. Nilishindwa kukuuliza kwa macho. Nikasema wacha niulize kama watu wengine, nione mtoto wangu atasema nini. Ukasema vizuri. Hukujua ni mimi, ndio maana ukasema vizuri. Sasa ukijua ni mimi, usibadilishe. Na kuhusu shamba..."

"Zima," Gathoni alisema.

"Kuna mbele, Mama," Nakhumicha akamwambia.

"Nimesema zima."

Simu ikanyamaza. Mzee akabaki amefungua mdomo kwenye kioo, na hapo chini, hatua chache, amefunga mdomo ndani ya mbao.

Wanja alikumbuka. Siku moja baada ya ile Alhamisi, baba yake alimpigia simu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Nimeona video yako," alisema. "Watu wa huku wanakusifu sana." Wanja akamuuliza, "Huku wapi, Baba?" Naye akasema, "Huku tu." Kulikuwa na mlio nyuma ya sauti yake, trrrr, trrrr, ukikatika na kuanza. Wanja alidhani ni laini mbaya. Sasa, akimtazama Nakhumicha na kidole chake, alijua ni cherehani.

Siku ile hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Becky alikuwa akimngoja na taa imewaka.

"Wanja," Mwas alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua ikawa ya mtoto. "Sema kitu."

"Tunangoja, Wakili," Pasta akasema. Mikanda ililia chini ya uzito wa jeneza. Hakuna aliyemwita binti ya marehemu. Wote walikuwa wakingoja wakili.

Wanja akasafisha koo.

"Hili jambo ni nzito," alianza, "na linahitaji busara. Kila upande uko na haki ya kusikizwa. Nafikiri tukimaliza hapa, tukae kama familia, kwa utaratibu, tuangalie..."

"Ameanza," Kalondu alisema chini ya hema. "Wakianza kuongea namna hiyo, jua shamba limeenda."

Gathoni hakungoja mwisho. Alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita kando ya jeneza, akapita mbele ya Mwas, akapita mbele ya binti yake bila kumgusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa ile stendi ya miguu mitatu. Hajawahi hata siku moja kukubali kuchukuliwa video. Wanja alimwomba mara nyingi, waonyeshwe wakikama pamoja, Becky alisema watu wangependa. Gathoni alisema ng'ombe wake si wa maonyesho.

"Becky. Bado inaonyesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Wale watu wananiona?"

"Wanakuona."

Gathoni alipangusa uso kwa pembe ya leso. Akafunga upya kitambaa cha kichwa, akikaza fundo nyuma kwa mkono mmoja, maana ule wa kulia ulikuwa bado umekunja udongo. Kisha akamgeukia Wanja, na kamera ikamfuata.

"Wakili," alisema, "mimi ni mama wa Gatuanyaga. Jina langu usitaje, nina aibu."

"Maitu, tafadhali."

"Wengine huwakatizi wakiuliza." Gathoni alingoja kidogo, akahakikisha amenyamaza. "Bwana yangu amekufa. Nilikuwa na binti, nilimsomesha na maziwa. Binti yangu akafundisha mke mwenzangu vile atakuja kugawa nyumba yangu. Akamfundisha mahali atasimama, na vile ataketi. Alimfundisha vizuri, sina lawama, hata mimi nimeona vile ameketi. Mimi nauliza hivi tu. Wakati huyu alikuwa anafundishwa, mimi ni nani alikuwa ananifundisha?"

Huko nyuma sufuria ya wali iliinua kifuniko chake ikakishusha.

"Nangoja jibu," Gathoni akasema.

Wanja alifungua mdomo. Ndani yake kulikuwa na maneno mengi, mengine ya kuomba, mengine ya kulia, lakini lililotoka ni lile lililokuwa mbele kwa mazoea.

"Asante kwa swali lako, mama."

Alilisikia mwenyewe, kwa ile sauti tamu ya video. Becky alifumba macho.

Gathoni akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepimiwa kile alichojua atapimiwa. Akafungua kiganja chake. Udongo aliokuwa ameshika ulikuwa umekauka, ukamwagika kati ya vidole kama unga, juu ya viatu vya binti yake.

Kisha akarudi kaburini. Akafika kwenye lundo, akainama pale alipoketi Nakhumicha, karibu kiasi kwamba vitambaa vyao vya kichwa viligusana, akachota udongo mpya kutoka kando ya magoti yake. Akaufinya. Watu walingoja ageuke kuelekea kwa jeneza.

Hakugeuka. Alinyooka akiwa amemsimamia Nakhumicha, akimtazama kutoka juu, na ule mkono wenye udongo ukaanza kuinuka.

Nakhumicha hakujikinga. Ila yule mtoto mwenye jina la mama mkwe alisimama katikati yao, akamtazama Gathoni usoni, akanyoosha kiganja chake kitupu, kama mtoto anayengoja kugawiwa.